Kabla hujaomba tenki la mvua shuleni kwako, tafuta kwanza wa kushika ufunguo

Juzi kuna mwalimu wa Buchosa kaniandikia inbox. Shule yao ilipewa simtanki na wafadhili, wakafurahi balaa, ila ilivyofika mwezi wa saba tenki kavu, watoto wamerudi ziwani na madumu, sasa anauliza aombe la pili? Nikamjibu dada usiombe kitu kwanza, subiri niandike, maana mliokwama hapo najua mko wengi.

Mi nafundisha shule ya msingi ya kijijini upande wa Magu, mkoa wa Mwanza, ukisimama nyuma ya darasa la sita Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria unaiona hii hapa. Ndo mwalimu wa afya, cheo kisicho na posho, wanaokijua wanakijua. Na niacheni nijisifie kidogo: mwaka huu tumefungua shule mwezi wa saba tenki limejaa, maji yametupeleka mpaka Septemba na hamna mtoto hata mmoja aliyetumwa ziwani. Mtu wa mjini ataona kitu kidogo, mwacheni aone hivyo hivyo.

Siku tunakabidhiwa tenki ilikuwa sherehe kwelikweli. Magari, kwaya ya shule, mgeni rasmi akafungua koki maji yakatoka watu wakashangilia, bango likabandikwa, picha zikapigwa, walimu tukanywa soda, wakaondoka. Wiki hiyo hiyo mvua inanyesha naona gata limefungwa upande mmoja tu wa paa, tena limelala kuelekea kusiko na tenki, maji yote yanamwagikia ukutani. Nikampigia aliyesimamia kazi, akaniambia madam wewe fundisha, mambo ya ufundi tuachie sisi. Hilo neno bado linaniuma hata hapa navyoandika.

Gata tulikuja kurekebisha wenyewe, fundi wa hapo kijijini akalipwa hela ya mahindi ya shamba la shule, hiyo haina hadithi ndefu. Hadithi iko kwenye koki.

Koki ikiwa ya kila mtu hivi ndo inavyokuwa: mwalimu anatuma mtoto ndoo mbili nyumbani kwake kila jioni, mwingine nguo zake zote za wiki zinafuliwa pale pale, wa bodaboda anaosha pikipiki, jumamosi ng'ombe wananyweshwa kwenye karai. Jumatatu mtoto anatoka chooni anakuta koki inapiga mluzi. Halafu tunaingia darasani kumfundisha kunawa mikono! Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee mmoja mtaratibu sana, nikamwambia baba nisaidie tutie kufuli. Tukatia. Ufunguo mmoja ukakaa kwangu, wa pili kwa kiranja wa afya, binti wa darasa la saba asiyeogopa mtu.

Jamani nilichukiwa. Ofisini nasalimia watu wanaitika kama wanaguna. Kwenye kikao akasimama mwenzangu, mtu niliyemkopesha hela ya kumpeleka mtoto wake hospitali, akasema madam anatafuta kuonekana wilayani. Wakanipachika na jina, Mama MWAUWASA, yaani ile mamlaka ya maji ya Mwanza. Siku hiyo nililia, sio mbele yao lakini, nililia nyumbani. Kufuli sikutoa na sitoi.

Sasa hesabu, maana hapa ndo wengi mnakosea mnadhani shida ni tenki dogo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye paa la mita 1 ya mraba inakupa lita 1, basi. Paa la madarasa la mita 20 kwa 8 ni mita za mraba 160, mvua ya milimita 10 ni lita 1,600, toa ya kumwagika na kuruka unabaki na kama 1,300. Kwa hiyo tenki la lita 10,000 linajazwa na milimita 80 hivi, na masika ya huku kwetu, Machi hadi Mei, inatoa zaidi ya hapo bila shida kama gata limekaa vizuri. Kujaa sio tatizo kabisa. Tatizo ni Juni mpaka Septemba ambapo mbingu zimefunga. Chukua shule ya watoto 400, kila mmoja nusu lita ya kunawa kwa siku, hiyo ni lita 200, tenki moja linakwenda siku 50 za masomo, wiki kumi nzima. Ukiacha koki wazi hata ukiletewa matenki matatu utaona vumbi.

Nusu lita inatosha vipi? Kibuyu chirizi. Dumu la lita 5 limetobolewa tundu, linaning'inia kwenye mti, kamba, kijiti cha kukanyagia, mtoto hashiki kitu. Watoto wenyewe wametengeneza, yako nje ya vyoo, zamu ya asubuhi inachota kwenye tenki mbele ya kiranja inajaza, kufuli linarudi. Sabuni ya kipande ilikuwa inaibiwa kila siku (na mi siwalaumu, kwao wengine haipo), tukahamia ya unga, tunaikoroga na maji kwenye chupa ya plastiki iliyotobolewa kizibo. Haiibiwi, nani aibe maji ya povu.

Maji ya kunywa ni habari nyingine, msichanganye. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi inaosha paa, kinyesi cha ndege, vumbi, mijusi iliyokufa, vyote vinaelekea kwenye tenki lako. Weka bomba la wima lenye kofia chini kabla ya tenki, lijae kwanza hayo machafu, yanayofuata ndo yaingie, mvua ikikatika fungua kofia umwage. Neti kwenye mdomo wa tenki kuzuia mbu. Na bado ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, usiniambie eti maji ya mvua ni safi yametoka kwa Mungu. Yamepita kwenye bati lako.

Na kuna wazazi wananiambia ziwa liko pale, shida ya tenki nini. Shida ni kichocho mama. Vijidudu vinatoka kwenye konokono vinaingia kwenye ngozi ya mtoto aliyesimama majini anajaza dumu, dakika chache tu zinatosha. Dawa ya prazikwanteli inakuja shuleni tunawamezesha watoto wakiwa wamekula, sawa, lakini haikingi, kesho ukimtuma tena ziwani anaambukizwa upya. Tunatibu asubuhi tunaambukiza jioni, halafu tunashangaa mtoto ana tumbo na darasani anasinzia.

Walimu wenzangu niwaambie ukweli. Tangu 2016 elimu iwe bila malipo ukimwomba mzazi hela ya koki anakuambia serikali imesema bure, na ruzuku mnaijua ilivyo. Kwa hiyo usisubiri. Kila shule ina mti, shamba, banda, kitu cha kuuza. Mwaka 1973 wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya wazee wetu walichimba vyoo kwa kusikiliza redio, hamna aliyewapa posho wala fulana, sisi tuna simu na digrii tunashindwa kuzuia mtu asioshe pikipiki kwa maji ya watoto? Mwalimu anayechota maji ya shule kwenda kufulia asisimame mstarini kuhubiri usafi, watoto wanaona, wanajua kila kitu hawa.

Utachukiwa, zoea. Mabinti zangu wa la sita na la saba wana chumba chenye ndoo ya maji na sabuni, wakiwa kwenye siku zao hawabaki nyumbani, nani tena anikumbushe habari ya jina la utani.

La mwisho ni la haraka: vuli inaanza Oktoba. Kagua gata Septemba, panda juu mwenyewe au mpandishe mtu unayemwamini, mwaga maji kwenye gata uone yanakimbilia wapi. Mafundi wa huku Septemba wanashikika, ukimtafuta Novemba mvua inanyesha atakutajia bei ya harusi.