Hodi niliyoipiga Toledo

Ndugu mhariri,

Swali lenu la wiki, "Je, siku moja yatosha kuujua mji wa kale?", nimelisoma nikiwa ndani ya metro hapa Madrid ninakosoma, na limenichoma. Mimi ni mzaliwa wa Kiponda, Mji Mkongwe. Toka utotoni nawaona wageni wanaoletwa kwa basi asubuhi kutoka hoteli za kaskazini: Darajani, Mkunazini, Forodhani, milango mitatu minne ya kupigia picha, na mchana wamesharudi pwani. Bibi yangu akiwa barazani anasuka ukili wake hupigwa picha yeye na mlango kwa pamoja, na anayempiga hata shikamoo ya kubabaisha hana. Basi jibu nililoanza nalo ni hapana, haitoshi, na msiwadanganye watu.

Lakini Jumamosi moja ya mwezi wa Machi nami nilikwenda Toledo kwa siku moja, kwa hiyo lazima niseme yote.

Toledo iko kilomita zipatazo 70 kusini mwa Madrid, nusu saa kwa treni ya mwendo kasi. Mji umekaa juu ya jabali na Mto Tajo umeuzunguka pande tatu. Mtu wa Unguja hawezi kutembea pale akajiona mgeni kabisa. Uwanja mkuu, Zocodover, jina lake limetoka kwenye Kiarabu, soko la wanyama wa mizigo. Daraja la Alcántara ni "daraja la daraja", maana al-qantara lenyewe ni daraja. Upo msikiti mdogo wa mwaka 999, baadaye ukafanywa kanisa, wenye vikuba tisa, na hakuna kimoja kinachofanana na mwenziwe. Na vichochoro vile! Kuna mahali nyumba imevuka juu ya njia ikashika ukuta wa pili, wikio kama lile la Lamu. Nilisimama chini yake kivulini nikatafuta kwa macho baraza ya kukaa. Haipo. Kanisa kuu, lililoanza kujengwa 1226, nililiona kwa nje tu, foleni ilikuwa ndefu.

Ninalotaka kusimulia ni la saa kumi jioni. Mwenzangu wa chumba alikuwa ameniusia: mazapani, ile tamu yao ya lozi na sukari, usinunue dukani, nunua kwa masista wa ndani, wale wasiotoka nje wala kuonwa na wageni. Nikaufuata ukuta mrefu usio na dirisha hadi kwenye mlango uliorudishwa tu. Ndani kuna chumba kitupu, orodha ya bei ukutani, kamba ya kengele, na ndani ya ukuta wenyewe pipa la mbao lililosimama wima, limekatwa upande mmoja. Wanaliita torno. Unaweka pesa humo, linazungushwa kutoka ndani, linarudi na mzigo wako, na hakuna aliyemwona mwenzake. Mbao zake zilikuwa zimeng'aa mahali pa kushikia.

Nikavuta kamba. Sauti ya bibi mzima ikatoka nyuma ya mbao: "Ave María Purísima," yaani salamu Maria uliye safi kabisa. Nikajibu, "Buenas tardes." Kimya. Sauti ikarudia yale yale, taratibu zaidi. Nikasema naomba boksi moja la nusu kilo. Kimya tena. Mara ya tatu sauti ilipanda kidogo, kama mwalimu anayemsubiri mtoto amalizie aya. Mate yamenikauka, mtandio umeniteleza, na kilichonitoka mdomoni ni "Hodi!"

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu na kikapu chake akainama hadi sikioni kwangu, akanong'ona jibu linalotakiwa: "Sin pecado concebida," aliyetungwa mimba bila dhambi. Ni salamu ya mlangoni, akasema, wa ndani anaanza, wa nje anaitikia. Bibi Maryamu namheshimu, kwetu ana sura yake katika Kurani, lakini sikutaka kutamka imani isiyo yangu. Yule mama akalielewa hilo, akaniitikia yeye.

Ndipo sauti ikauliza: yule binti alisema nini? Nikaeleza kwa Kihispania changu cha mwaka wa pili kwamba kwetu ni kinyume, wa nje hupiga hodi, wa ndani hujibu karibu, na hodi tatu zikikosa jibu unajiondokea. Kimya kirefu. Kisha nyuma ya mbao, silabi moja moja: "Ka-ri-bu." Na kicheko, si cha mtu mmoja. Pipa likazunguka, boksi likaja, na juu yake vipande viwili vya mazapani vyenye umbo la mwezi mwandamo ambavyo sikuvilipia.

Sasa naona jibu langu limenigeuka. Siku moja yatosha, nadhani, kwa anayekwenda kwa miguu na kubisha mlango mmoja. Haimtoshi aliye kwenye kundi la watu arobaini nyuma ya kibendera. Wala simaanishi kwamba nimeijua Toledo: mtaa wa Wayahudi niliupita jua linazama, sinagogi la Santa María la Blanca limeshafungwa, na habari ya watu waliofukuzwa nchini mwaka 1492 haisomwi kwa kupita. Kwa hiyo yatosha, lakini si kwa kuujua mji. Mtanisamehe, swali lenu nimelipinda.

Jana nilimpigia bibi simu nikamuuliza: mgeni wa siku moja akikupigia hodi, utampokea? Akataka kwanza kujua kama mazapani ya masista ina iliki. Nikamwambia haina. Akasema nimwulizie yule sista kwa nini.