Uliza Tukujibu: Baldur's Gate 3, dubu na dadu

SWALI: Habari za kazi. Mwanangu ana miaka 15, likizo hii ananisumbua nimnunulie gemu inaitwa Baldur's Gate 3, anasema ni ya akili kama chesi. Af nikaona klipu ya mtu analala na dubu, nimeshtuka sana. Ukweli ni upi? – Mzazi, Mwanza

JIBU: Shikamoo mzee. Mwanao hajakudanganya na klipu nayo haijakudanganya, vyote vimo. Gemu ni ya Larian, studio ya Ghent kule Ubelgiji, ilitoka Agosti 2023 na Desemba hiyohiyo ikabeba tuzo ya gemu bora ya mwaka. Huyo dubu ni Halsin, mhusika anayejigeuza mnyama, na Larian wenyewe ndo walimwonyesha laivu mwezi mmoja kabla gemu haijatoka, TikTok wakawakatia hiyo laivu hapohapo. Toka siku ile wengi wanaijua gemu kwa dubu tu, na mi hili linaniuma kwa sababu mapenzi ya humo hayakurukii, unayachagua mwenyewe kwenye maongezi, ukikataa yameisha. Kwenye setingi unaweza kuzima utupu, wahusika wanabaki na nguo za ndani. Ila nisikufiche mzee, tukio lenyewe haliondoki, linafunikwa tu.

Na hata bila dubu ningekwambia usimnunulie. Gemu inaanza na mdudu anapenyezwa jichoni mpaka kwenye ubongo, mbele huko unaweza kuungana na goblini, vile vijitu viovu vya hadithi, mkachinja wakimbizi, af kuna mhusika anaitwa Astarion, mtumwa wa bwana wake miaka 200, analazimishwa kuutumia mwili wake kunasa watu wapelekwe kwa huyo bwana. Stori yake imeandikwa kwa heshima kubwa na mi ilinigusa mno, lakini ni ya mtu mzima, ndo mana Ulaya imepigwa alama ya 18. Kama dogo anataka chesi kweli mtafutie Into the Breach, uwanja wa miraba 8 kwa 8, zamu kwa zamu, unapigana na wadudu wakubwa na hakuna mambo ya chumbani. Akiimaliza hiyo ujue kichwa anacho.

SWALI: Oya kaka mambo, mi nina 27 so usinipe hotuba ya umri hahaha. Nakufa kila vita, goblini wananimaliza, nikipiga nakosa, nikipiga nakosa. Nikate tamaa? – Kijana wa Kigamboni

JIBU: Poa kaka, usikate tamaa hata kidogo, hapa ndo gemu ilipo tamu. Kila pigo ni dadu la pande 20, jumlisha nguvu yako, linganisha na kinga ya adui, basi. Kwa hiyo kazi yako ni kulibeba hilo dadu kabla hujalirusha. Panda juu, mpiga mishale akiwa juu ya adui anaongezewa 2, akiwa chini anapunguziwa 2, na goblini wanalijua hilo ndo mana wanakimbilia mapaa. Shadowheart, mwenzako wa safari, mpe uchawi wa Bless, watu watatu wanaongezewa dadu dogo la pande 4 kila wakipiga, kwa levo za mwanzo hiyo ni mali. Lakini angalia, uchawi wa namna hiyo unamtaka akili yake itulie, akirusha mwingine wa kutulia wa kwanza unakufa, mi nilicheza masaa mengi nafuta Bless yangu mwenyewe bila kujua.

Af usipige tu, soma mazingira. Mrushie adui chupa ya maji, akilowa umeme na baridi vinamuumiza mara mbili. Akisimama ukingoni msukume, kusukuma hakuli tendo lako kubwa la zamu. Yule buibui mkubwa nilihangaika nae usiku mzima mpaka nikagundua anasimama juu ya utando, nikauchoma moto, akaporomoka shimoni na nusu ya kazi ikaisha, aisee nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka. Na kama umechagua kazi ya mhusika isiyokufaa, mfano mchawi badala ya mpiganaji, usianze upya, mtafute mfu anaitwa Withers kaburini, kwa dhahabu 100 anakubadilishia. Jikaze ufike levo ya 5, hapo Lae'zel, mpiganaji wa kikosi chako, anapiga mara mbili kwa tendo moja na utaiona tofauti mwenyewe.

SWALI: Laptop yangu ina RAM 8 haina kadi ya michoro, itacheza? – Mwanachuo, Dodoma

JIBU: Hapana mdogo wangu. RAM 8 inapita kwa shida, ila bila kadi ya michoro haiwezekani, ya chini kabisa wanayotaka ni GTX 970 yenye GB 4. Na inakula GB 150 kwenye SSD, ile diski ya kasi, kwa bando la kawaida utalia, so ukipata mashine beba nenda penye waifai ya bure uiache ishushe usiku kucha.