Unataka kukagua nyuklia? Anza na leja

Barua imefika wiki iliyopita. Nimechaguliwa kwenda Vienna, kwenye mafunzo ya ukaguzi ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Namshukuru Mungu, na furaha yangu siifichi. Binti mmoja wa Chumbageni anayesoma fizikia ameniandikia: "Dada, nianzie wapi?" Namjibu hapa, maana najua mko wengi.

Mimi nilianzia ghala la katani. Nilipomaliza chuo kazi ya sayansi haikupatikana, nikawa karani wa stoo hapa Tanga. Robota, yaani mafungu makubwa ya katani, zinaingia, zinatoka, na jioni leja lazima ilingane na mzigo uliopo. Ikipungua robota moja, huendi nyumbani mpaka ijulikane ilikopita. Nilipokuja kusoma namna nyenzo za nyuklia zinavyolindwa, nikaikuta kazi ileile. Nchi inatangaza ina urani na plutoniamu kiasi gani; mkaguzi anakwenda, anapima, analinganisha na vitabu. Ila huku kosa halina mchezo: shirika linachukulia kuwa kilo 8 za plutoniamu zinaweza kutoa bomu.

Kwenye usaili mmoja, ofisi siitaji, mzee alinitazama akasema, "Karani wa katani na atomiki, wapi na wapi?" Wenzake wakacheka. Neno lile bado linaniuma. Lakini nilijua ninachokijua, nikaendelea kusoma usiku.

Nilichokipenda zaidi ni sili, yaani lakiri ya kuonyesha kama chombo kimefunguliwa. Kwa miaka mingi mkaguzi alifunga chombo kwa sili ya chuma, na ndani ya kifuniko chake kulikuwa na mikwaruzo iliyokwisha kupigwa picha. Ikifunguliwa ilirudishwa Vienna, mikwaruzo ikalinganishwa na picha, na sili bandia ikajulikana. Kamera nazo zinabaki zikirekodi mkaguzi akiwa hayupo. Halafu kuna kitambaa cha pamba: unafuta ukuta au mashine, na maabara inasoma chembe ambazo jicho halizioni. Mwaka 1992 Korea ya Kaskazini ilisema ilitenganisha plutoniamu kutoka kwenye fueli ya kinu cha nyuklia mara moja tu, mwaka 1990. Sampuli zilionyesha kazi ile ilifanyika zaidi ya mara moja. Na baada ya Iraki kukutwa na mpango wa siri wa silaha za nyuklia mwaka 1991, ikapitishwa Itifaki ya Ziada, yaani makubaliano ya nyongeza ya ukaguzi, mwaka 1997, ili wakaguzi waweze kuingia hata mahali ambapo nchi haikutangaza kuwa na nyenzo hizo.

Basi, vijana wenzangu, acheni kudharau kazi ya kuhesabu. Wengi mnataka koti jeupe na picha za maabara, leja hamtaki hata kuigusa. Jifunzeni hesabu za mali, jifunzeni takwimu, jifunzeni kuuliza bila kumwonea mtu haya wala kumdhalilisha. Nasema tena: hesabu! Nasi tuna urani yetu Mto Mkuju kule Namtumbo. Tusisubiri wageni waje watuhesabie.

Mdogo wangu wa Chumbageni, peleka barua ya kuomba mafunzo kwa vitendo Tume ya Nguvu za Atomiki. Wakikupa daftari la kujaza, lijaze, na kila tarakimu uliyoiandika nenda ukaione kwa macho yako.