Jibu: Harufu kali chini ya fito wanapolala kuku

Salama ndugu. Umesema unafagia kila Jumamosi lakini harufu bado inafika dirishani kwa jirani. Huku Kizota nilihangaika hivyohivyo, nikamwaga majivu. Kosa! Majivu yakikutana na mbolea mbichi yanaifukuza amonia, ile gesi kali inayonuka na kuwasha macho, itoke zaidi.

Anza na chombo cha maji. Kwa ukavu wetu wa Dodoma, banda likinuka kiangazi, mara nyingi kuna maji yanamwagika mahali. Changu kilikuwa kinavuja taratibu karibu na fito. Nilikitoa nje, nikakiinua kwa matofali. Kisha fikicha matandazo mkononi: yakishikamana kama tonge la ugali, yamelowa, toa yote. Weka pumba kavu za mpunga au maranda, unene wa sentimita 10 hivi.

Kuku hunya sana usiku, kwa hiyo tandika kiroba cha zamani chini ya fito, ukung'ute kila asubuhi. Jumamosi ni mbali mno. Hiyo mbolea irundike ioze kwanza, mbichi inaunguza mboga.

Halafu chuchumaa usawa wa kuku. Macho yakiwasha, ongeza matundu ya hewa juu ya ukuta.