Mboga hai Berlin: anzia kwenye majani wanayoyatupa

Mama yangu kule Lushoto alikuwa na bustani mbili. Ya bondeni, karibu na mto, ilikuwa ya biashara: nyanya, kabichi na pilipili hoho za kupakia kwenye fuso usiku ziende Dar. Huko baba alibeba bomba mgongoni akapuliza dawa, na mbolea ilikuwa ya chumvichumvi, ya mfuko. Bustani ya pili ilikuwa nyuma ya jiko, hatua kumi kwa kumi hivi, ikilishwa samadi ya ng'ombe na majivu: mchicha, mnavu, maboga kwa ajili ya majani yake, vitunguu vichache. Sisi tulikula ya nyuma ya jiko. Sikuwahi kumsikia mama akitamka "kilimo hai", yaani kulima bila dawa na mbolea za kemikali, lakini kila jani lililoingia sufuriani alijua limetoka tuta gani.

Naanza na hilo kwa sababu wengi wetu tulioko Ulaya tunazungumza kana kwamba kila kilichotoka nyumbani ni cha asili na kila cha huku kimejaa kemikali. Nimekua nikiona lile bomba, kwa hiyo siwezi kusema hivyo.

Nilipofika Berlin nilikaa Wedding, katika ule mtaa ambao barabara zake zina majina ya Afrika. Ipo Sansibarstraße, ipo Usambarastraße, yaani nilitoka Usambara nikaikuta Usambara, na tangu 2024 ipo pia Maji-Maji-Allee. Mwaka wa kwanza wote mboga nilizozijua nilizifuata mbali, Dong Xuan, soko kubwa la Wavietnamu kule Lichtenberg. Ukiwa na hamu ya matembele, bamia au muhogo, nenda. Kisha nikapata mimba ya mwanangu wa kwanza, na mkunga akaniuliza nakula nini na kinatoka wapi. Swali la kwanza nilikuwa na jibu lake. La pili sikuwa nalo. Mboga ile niliijua jina na ladha, ila tuta lake sikulijua.

Nikaanza kununua vitu vyenye picha ya shamba la kijani na ng'ombe anayecheka. Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima, nikilipa zaidi, na baadaye nikagundua kwamba sehemu kubwa ya vile vitu haikuwa ya kilimo hai hata kidogo. Ndiyo maana naomba hili ulishike kabla ya jingine lolote. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwenye chakula, maneno yanayolindwa na sheria ni "Bio" na "Öko", pamoja na marefu yake, "biologisch" na "ökologisch". Asiyekaguliwa haruhusiwi kuyatumia. Lakini "natürlich", yaani "ya asili", inaweza kuandikwa na yeyote, na "aus kontrolliertem Anbau", ambayo maana yake ni kilimo kinachosimamiwa, haikuhakikishii kwamba hakuna dawa iliyopulizwa. Mimi ile "kontrolliert" ilinidanganya sana, kwa sababu inasikika kama ukaguzi.

Geuza pakiti utafute jani jeupe lililochorwa kwa nyota 12 juu ya kijani. Tangu Julai 2010 ni lazima liwepo kwenye chakula hai kilichofungashwa ndani ya Umoja wa Ulaya. Chini yake kuna namba ya shirika lililokagua, kwa Ujerumani inaanza na DE-ÖKO, na maneno yanayosema mazao yamelimwa ndani ya Umoja huo au nje yake. Chakula cha mchanganyiko, kama biskuti au supu ya pakiti, hakiitwi Bio mpaka angalau asilimia 95 ya viungo vyake vya shambani viwe vya kilimo hai. Ukiona pia Demeter, Bioland au Naturland, hivyo ni vyama vya wakulima vyenye masharti makali kuliko ya sheria. Demeter ina jina hilo tangu 1928.

Mayai ndiyo rahisi kuliko vyote, na mwanangu wa miaka sita sasa anayasoma mwenyewe dukani. Kila yai lina muhuri. Tarakimu ya kwanza inasema kuku alivyofugwa: 0 ni wa kilimo hai, 1 anatoka nje, 2 yuko ndani ya banda bila kufungiwa kwenye vizimba, 3 ni wa kizimba. Zinafuata herufi za nchi, DE, kisha namba ndefu. Kwa mayai ya Ujerumani, tarakimu mbili za mwanzo za namba hiyo ni jimbo, na 12 ni Brandenburg, mkoa unaouzunguka mji wetu. Kwa hiyo yai lenye 0-DE-12 ni la kuku wa kilimo hai wa jirani. Tazama yai lenyewe, usiishie kwenye boksi.

Kuhusu bei, usianze na maduka ya kifahari. Aldi, Lidl na Rewe wote wana vyakula vya Bio, na hata dm, duka la sabuni na vipodozi, lina rafu nzima ya dengu, shayiri, mchele na siagi ya karanga. Karoti, viazi, shayiri, maziwa na dengu vya Bio havikupandishii sana gharama. Nyama ndiyo inayoumiza. Kwangu tulipunguza nyama tukaongeza maharage, na hesabu ikakaa sawa.

Nyama yenyewe ina mambo mawili. Kama unapenda kuku wa kienyeji, yule mgumu anayetoa mchuzi wa njano, uliza kuku anayeitwa Suppenhuhn kwa wauza mayai wa sokoni. Huyu ni kuku wa mayai aliyezeeka. Anataka saa mbili au tatu motoni, na ladha yake itakukumbusha sikukuu. La pili ni kwa ndugu zangu Waislamu. Dada mmoja wa Tanga aliniuliza kwa nini hapati nyama yenye jani la nyota na ya halali kwa pamoja. Mwezi Februari 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba nyama ya mnyama aliyechinjwa bila kupoozwa kwanza, yaani bila kupotezwa fahamu, haiwezi kuwekewa nembo ile. Kwa wale ambao kwao halali ni lazima iwe bila kupooza, njia hiyo imefungwa, na nadhani ni haki yao kuambiwa wazi badala ya kuzunguka mji mzima. Yeye sasa ananunua nyama yake kwa mchinjaji anayemwamini, na vya kilimo hai anachukua mayai, maziwa na mboga. Samaki wa baharini asimsumbue mtu: samaki wa porini hapewi nembo ya Bio, hupewa wa kufugwa tu.

Sasa vyakula vya nyumbani. Muuzaji mmoja wa duka la Kiafrika, ambaye simtaji, aliniambia kwa uhakika kabisa, "Dada, chakula cha Afrika chote ni bio." Alisema kwa moyo mzuri, lakini nilipoomba aonyeshe namba hakuwa nayo. Afrika Mashariki tuna kiwango chetu cha kilimo hai tangu 2007 na nembo yake, Kilimohai, na wapo wakulima wa kahawa, chai, viungo na matunda wanaokaguliwa kwa bidii kubwa. Kumwita kila mtu "bio" ni kuwavunjia heshima hao. Karafuu au kahawa ya kwetu yenye jani la nyota ipo Berlin, na ukiiona nunua, maana mkulima ameigharamia nembo hiyo.

Unga wa ugali ulinitesa zaidi. Unga wa mahindi wa Bio unaopatikana kirahisi ni wa njano, na mara nyingi ni wa chenga, wa kupikia polenta. Shangazi yangu alipokuja kunitembelea aliusukuma pembeni: "Unanilisha Yanga?" Watu wa umri wake wanakumbuka miaka ya njaa na unga wa msaada, wa njano, ulioitwa hivyo kwa rangi ya jezi ya timu ya Yanga. Nimejifunza kununua uliosagwa laini, andiko lake ni Maismehl, na kuusonga kwa maji mengi kidogo na moto wa taratibu. Watoto wanaupenda. Shangazi nilimpikia wali.

Mboga za majani ndizo zilizonifungua macho. Kwa Mkenya anayelilia sukuma wiki, Grünkohl ni ndugu yake wa damu. Ni ya baridi, inaanza kujaa sokoni Novemba, na Wajerumani husema hunoga baada ya jalidi ya kwanza kuipiga. Kuhusu ile mboga yenye bua nene jeupe ambayo Nairobi inaitwa spinachi, huku jina lake ni Mangold. Usihangaike na spinachi ya kwenye mifuko ukashangaa mbona inayeyuka sufuriani.

Halafu kuna kohlrabi, jamaa ya kabichi anayevimba shina likawa kama mpira wa kijani. Katika soko la kilimo hai la Chamissoplatz, Kreuzberg, linalokuwepo Jumamosi, nilisimama nyuma ya mzee mmoja. Muuzaji akamwuliza, "Na majani au bila?" Mzee akasema bila. Muuzaji akayakata kwa mkupuo mmoja, majani mapana, mabichi, ya kijani iliyokolea, akayatupa kwenye kreti chini ya meza. Nikachungulia. Kreti ilikuwa imejaa. Mama yangu angekaa chini alie. Nikaomba niyachukue, yule mama muuzaji akaniuliza nafuga sungura? Nikamweleza: unatoa mishipa migumu, unakatakata nyembamba, kitunguu, nyanya, karanga iliyosagwa au tui la nazi, chumvi. Alisikiliza kweli. Jumamosi iliyofuata nikampelekea kwenye kikopo, bado ya moto. Tangu hapo majani hayatupwi yote. Ananiwekea kwenye karatasi ya gazeti, pamoja na majani ya bitiruti, vile viazi vyekundu vya saladi, yakiwa machanga, na hataki fedha. Mboga hizo zina nembo zote unazoweza kuzitaka, na kwangu ni za bure.

Kama Kreuzberg ni mbali, Kollwitzplatz kuna soko la kilimo hai Alhamisi. Nenda mwishoni mwishoni wanapokaribia kufunga, bei hulegea. Na kama una watoto, wapeleke Dahlem kwa treni ya U3, ushuke Dahlem-Dorf. Domäne Dahlem ni shamba hai ndani ya mji, lina ng'ombe na duka lake, na mtoto anaona viazi vinavyotoka ardhini.

Kutoka sokoni nilivutwa hadi shambani. Kuna utaratibu unaoitwa Solawi, kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya kilimo cha mshikamano. Kaya nyingi zinamlipa mkulima kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, na kila wiki zinagawana kilichovunwa katika kituo kilicho karibu na nyumbani. Fikiria kama mchezo wa upatu, ila unapokea mboga. Uandikishaji mara nyingi hufanyika majira ya baridi kwa ajili ya msimu unaofuata, basi uliza mapema. Ukijiunga ujue unakula kinachoota. Februari ni kabichi, viazi na karoti wiki baada ya wiki, na wanaojiondoa wengi nawaona wanaondoka hapo. Mimi nilivumilia kwa sababu napenda kabichi la nazi.

Wanachama wa kikundi chetu huitwa kusaidia palizi. Mwezi Juni ule wa kwanza, huko Brandenburg, tulipewa mistari ya bitiruti na jembe dogo la mkono, tuondoe magugu. Nikainama, nikashika gugu la kwanza, na mkono ukagoma kung'oa. Lilikuwa mchicha. Mchicha pori, wenye mizizi ya waridi na majani ya kukwaruza kidogo, mstari mzima, shamba zima. Wajerumani wanaujua vizuri kwa sababu unawasumbua kwenye mahindi na bitiruti. Nilimwita mkulima nikamwonyesha, nikamwambia huu kwetu unafungwa mafungu na kuuzwa. Alicheka, akaniambia chukua wote. Nilichagua mchanga, ule ambao bado haujatoa maua, nikajaza mifuko miwili. Jioni ile nilipika mchicha ambao nilijua tuta lake, kwa mara ya kwanza tangu niondoke Lushoto, nikampigia mama kwa video aone sufuria.

Tahadhari moja. Katika mistari ile ile unaota mnavu, au kitu kinachofanana nao kabisa. Wajerumani wanauhesabu kuwa na sumu, na jamii za mnavu ni nyingi. Mimi, niliyelelewa kwa mnavu, wa huku nauacha, nawe uuache.

Ukitaka mchicha wa nyumbani kwako, panda kwenye vibaraza. Mbegu usimwage kabla ya katikati ya Mei, maana kuna siku za baridi kati ya tarehe 11 na 15 ambazo wakulima wa huku wanaziogopa kwa sababu zinaua miche. Kopo lenye kina cha viganja viwili, udongo ulioandikwa Bio, jua la kusini. Wiki tano au sita hivi unachuma, na ukikata juu unachipua tena mpaka Septemba.

Na ukipata nafasi ya kwenda kupalilia Juni, beba kisu kidogo na mfuko wa kitambaa uliolowanishwa maji. Mchicha ukikaa kwenye plastiki ndani ya treni kwa saa nzima, unafika Berlin umenyauka.