Muulize Hakimu Mstaafu: Mjomba kashinda kikao

SWALI: Shikamoo hakimu. Mama yangu ana kisukari. Mjomba anataka aache vidonge vya metformin, anywe mizizi aliyoletewa. Anasema jirani yake aliinywa akapona, hospitali zinaipiga vita zisikose wateja, na kwamba mwaka 2011 maelfu walikwenda Loliondo kwa Babu, mchungaji aliyegawa kikombe cha dawa ya mizizi, "wote wale wajinga?" Kikao cha familia kikamkubali. Nitajuaje kama hoja imesimama au ni ulimi tu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Nilipokaa mahakama ya mwanzo na wazee wa baraza, shahidi aliyenitia wasiwasi ni yule mwenye sauti tamu. Dawa yangu ilikuwa kuandika pembeni jambo linalodaiwa, sentensi moja. Hapa ni hili: mizizi hii inaponya kisukari. Kisha kila neno la mjomba lipime: hata likiwa kweli, linatufikisha hapo?

Hospitali zinapenda fedha? Haya, tuseme zinapenda. Mizizi bado hatujaijua.

Loliondo sasa. Foleni ya magari ya kwenda Samunge, kijijini kwa Babu, ilikuwa ya kilomita kadhaa, kikombe shilingi 500. Foleni ile ilituonyesha waliokwenda. Waliopona nani aliwahesabu? Aliyepata nafuu alisimulia mtaa mzima. Aliyefariki hakurudi kutoa ushahidi. Wapo walioacha hata ARV, dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Na hilo la "wote wajinga?" ni mtego, ama utukane wagonjwa ama ukubali dawa. Usijibu.

Jirani ndiye shahidi wa maana, ila mnamsikia kwa kinywa cha mjomba. Aitwe. Alipimwa kabla na baada? Aliacha soda pia? Vidonge vyake je, aliendelea navyo? Sukari ya asubuhi moja haitoshi. Kipimo cha HbA1c ndicho kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu hivi.

Lakini nawe usipitilize. Hoja mbovu haiigeuzi mizizi kuwa sumu. Metformin yenyewe chimbuko lake ni utafiti wa mmea, Galega. Tofauti ni kwamba ilijaribiwa kwa wagonjwa, waliotumia wakalinganishwa na wasiotumia.

Mjomba usimbishie mbele ya watu. Mwendee faragha, umwambie: "Mjomba, naomba unikutanishe na yule jirani, aje na kadi yake ya kliniki." Wakati mnamsubiri, mama asiache vidonge, na daktari wake aambiwe habari za mizizi hiyo.