Maswali ya Wasomaji: Kiunzi cha Taa ya Mianzi Hutolewaje?

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi wa matenga hapa Iringa. Mgeni mmoja alinionyesha taa ya karatasi, duara kama chungwa, akasema ni kazi ya mianzi ya Kijapani. Ndani niliona uchane mwembamba uliozungushwa toka juu hadi chini, ilhali tundu la juu ni dogo. Ikiwa ilisukwa juu ya kiunzi, kiunzi hicho kilitokaje?
Fundi wa matenga, Iringa

JIBU: Ndugu fundi, ni jicho la msukaji tu linaloweza kuuliza hivyo. Taa maarufu zaidi za namna hiyo huitwa Akari, yaani mwanga, nazo zilibuniwa na mchongaji Isamu Noguchi, ambaye mwaka 1951 alifika Gifu, mji wa Japani unaojulikana kwa taa za karatasi na kwa uvuvi wa usiku wa kutumia ndege aina ya mnandi, akaombwa na meya asaidie kuifufua kazi hiyo iliyokuwa ikififia. Aliacha michoro ya maua, akabuni maumbo mapya, akaweka balbu mahali pa mshumaa. Namna mafundi walivyofanya kazi kwa mikono yao hakuigusa, na kwa maoni yangu hapo ndipo alipopatia.

Kiunzi chenyewe si gogo. Ni mbao bapa zilizochongwa mfano wa mwezi mchanga, zikapangwa kwa kuzunguka kama vipande vya chungwa, zikabanwa juu na chini kwa visahani. Ukingo wa kila ubao una mapengo madogo ambamo uchane hulazwa unapozungushwa. Kisha fundi hupaka gundi juu ya uchane, hubandika karatasi ya gome la mforosadi kipande baada ya kipande, na kukata ziada kwa wembe. Karatasi ikikauka, visahani huondolewa, mbao hulegea, nazo huchomolewa moja moja kupitia tundu lile lile ulilolitilia shaka. Taa inayobaki hukunjika ikawa bapa, jambo ambalo tenga halitakubali kamwe.

Kuchana mwanzi unakujua tayari. Kinachokupungukia ni kiunzi. Ukienda kwa seremala, mweleze kwamba urefu wa ubao hauna tatizo, lakini upana wake usizidi tundu la juu.